Juya ni Kokoro: Namna ya Kusoma Maneno ya Kale ya Biblia Ukiwa Nyegezi

Umepewa somo la Jumapili. Karatasi imekufikia Ijumaa jioni. Mstari wa kwanza unapita vizuri, wa pili unakutana na "shetri". Nyumbani hakuna anayelijua. Kwenye kundi la WhatsApp la kwaya mmoja anasema ni kosa la uchapaji, mwingine anasema ni jina la mji. Na Jumapili utasimama mbele ya kanisa zima ulitamke kama mtu aliyezaliwa nalo. Mwongozo huu ni wako: msomaji, katekista, mwalimu wa watoto, kiongozi wa jumuiya, au mtu yeyote anayependa kuelewa anachokisoma. Ni wako hasa ukiwa mkazi wa Nyegezi, Mwanza, kwa sababu mtu wa ukingo huu wa Ziwa Viktoria ana msaada ambao mtu wa Dodoma hana.

Kwanza kijue kitabu ulichoshika. Biblia inayosomwa na makanisa mengi ya Kiprotestanti nchini, ile ambayo wengi huiita "Union" tu, ilichapwa mwaka 1952, Agano Jipya likiwa limetangulia mwaka 1950. Kabla yake Zanzibar ilikuwa na Biblia ya Kiunguja, kazi iliyoanzishwa na Askofu Edward Steere na kukamilika mwaka 1891, miaka tisa baada ya kifo chake. Mombasa ilikuwa na ya Kimvita, iliyokamilika mwaka 1914. Kisha Mjerumani Karl Roehl akatoa yake mwaka 1937, akijitahidi kupunguza maneno ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu mahali pake. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikuwa umekwisha kuamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, basi makanisa nayo yakataka kitabu kimoja cha wote. Walioketi kukiandaa hawakuanza na karatasi tupu. Walirithi maneno ya vitabu vilivyotangulia, na maneno hayo yalikuwa ya watu wa pwani: wenye majahazi, waliopima nafaka kwa kibaba, waliotawaliwa na Sultani.

Kiswahili hicho ndicho kilichopanda hadi huku ziwani. Alexander Mackay, mmisionari Mskoti aliyefariki Usambiro, kusini mwa ziwa hili, mwaka 1890, aliwasomea watu wa Kabaka Mutesa wa Buganda Maandiko ya Kiswahili kabla Kiganda hakijapata kitabu chake. Kwa hiyo neno la baharini lilifika kwa watu wa ziwa bila bahari yake.

Ndiyo maana neno likikushinda usidhani ni neno zito la kiroho ambalo halikuhusu. Karibu kila neno lililokufa katika Biblia yetu lilikuwa neno la kazi. Badala ya kuanza kwa kuuliza maana yake, uliza lilikuwa likifanya kazi gani, kisha uliza ni nani hapa mtaani bado anaifanya kazi hiyo.

Shuka mwaloni

Fungua Mathayo 13:47. Ufalme wa mbinguni unafananishwa na juya. Juya ni wavu mrefu unaozungushwa majini, kisha ukavutwa hadi ufukweni na watu wa pande mbili, ukisomba chochote kilichomo. Nani Nyegezi asiyeujua wavu huo? Huku tunauita kokoro. Umepigwa marufuku ziwani kwa sababu ile ile iliyoufanya ufae katika mfano: hauchagui. Unasomba sangara mkubwa, sato asiyefikia kipimo, furu, na mazalia ya samaki pamoja na matope. Anayeambiwa "wavu" tu anapata nusu ya maana. Anayeambiwa kokoro, na anajua jinsi maofisa uvuvi wanavyolitafuta ili walichome moto, anaelewa mara moja kwa nini mfano haukuishia majini ila uliendelea hadi pale watu walipoketi ufukweni wakachambua.

Jarife ni wavu mwingine. Kwa watu wa pwani ni wavu mkubwa wa samaki wakubwa, papa wakiwemo. Biblia inauweka mikononi mwa Simoni na Andrea katika Mathayo 4:18, ingawa Kigiriki cha hapo kinataja wavu wa duara unaorushwa kwa mkono, ambao pwani una jina lake kamili: kimia. Mimi ningeandika kimia. Lakini watafsiri hawakuniuliza, na jarife limekwisha kuimbwa na kuhubiriwa, basi ujue tu kwamba wale ndugu wawili walikuwa wakirusha wavu mdogo kutoka mahali walipo.

Ukienda mwaloni, usiende na neno, nenda na kazi. Mvuvi aliyetoka Ukerewe au Kome hana sababu ya kulijua "juya", na ukimtajia atakujibu hajui, ukarudi ulivyokwenda. Toa shikamoo kwanza, kaa, kisha uliza: "Mzee, ule wavu wa kuzungusha na kuvuta nchi kavu, mnauvutaje, na unatoka na nini?" Hapo utapata maelezo ambayo hakuna kamusi itakupa. Na kama unaona haya, chuo cha uvuvi kipo hapa hapa Nyegezi, na vijana wake wanasomea nyavu darasani. Mwalimu wa watoto, omba kipande cha wavu mkuukuu ukaonyeshe. Kokoro lenyewe usilibebe barabarani.

Jambo jingine la ziwani: "bahari ya Galilaya" si bahari. Ni ziwa la maji baridi lenye urefu wa kilomita 21 hivi, na Luka mwenyewe, katika 5:1, analiita ziwa. Likilinganishwa na Viktoria lenye karibu kilomita za mraba 68,800 ni bwawa tu. Samaki anayeitwa huko samaki wa Petro ni wa ukoo mmoja na sato wetu. Ukiwaambia hivyo wanajumuiya wa Luchelele, habari yote ya mitume na nyavu zao hushuka kutoka kwenye picha za kalenda na kuja karibu.

Chombo na sehemu zake

Hapa ndipo shetri lako lilipo, Marko 4:38. Shetri ni upande wa nyuma wa chombo, uliojengwa kuinuka. Yesu alikuwa amelala huko, juu ya mto. Angalia mtego wa pili katika mstari huo huo: mto ule ni wa kuegemeza kichwa. Watoto wa ziwani husikia mto wa maji na kushangaa mtu analalaje juu yake, na wana haki ya kushangaa.

Sura yenye maneno mengi ya namna hii ni Matendo 27, safari ya Paulo kwenda Rumi na kuvunjika kwa merikebu. Wengi huiruka. Usiiruke. Ndani yake kuna omo, yaani mbele ya chombo, na tezi, yaani nyuma. Methali ya wenda tezi na omo ambao marejeo yao ni ngamani, chini ndani ya chombo, imetoka humo humo baharini. Leo kijana akisikia tezi anakumbuka bango la hospitali kuhusu tezi dume. Kuna bildi, kipande cha risasi kilichofungwa kwenye kamba na kushushwa majini ili kujua kina, na kuna pima, kipimo cha mikono miwili iliyonyoshwa, kama mita moja na robo tatu au zaidi kidogo. Mabaharia walipata pima ishirini, kisha kumi na tano. Piga hesabu: mita thelathini na sita hivi, kisha ishirini na saba. Nchi inakaribia na ni usiku. Ukijua bildi na pima, mistari ile miwili inatisha. Usipojua, ni tarakimu tu.

Sokoni, kabla ya kilo

Pishi limepata bahati mbaya kuliko maneno yote. Leo ukisema pishi, watu wanafikiri chakula: pishi la leo, pishi la wali wa nazi. Kisha wanasoma Mathayo 5:15 na kukuta taa imewekwa chini ya pishi, na picha inayowajia ni taa chini ya sufuria la mchuzi. Pishi la Biblia ni chombo cha kupimia nafaka. Vibaba viwili ni kisaga kimoja, vibaba vinne ni pishi moja, na pishi lilichukua kama kilo mbili na nusu na ushei, kutegemea nafaka yenyewe. Nenda sokoni ukamwangalie mama anayeuza dagaa au mchele kwa kopo na debe: anafanya kazi ya pishi. Geuza debe lake juu ya taa, giza. Na kiango, kilichotajwa mstari huo huo, ni kigingi au kinara cha kuwekea taa juu.

Ukiwa na kibaba mkononi, nenda Ufunuo 6:6. Pale kibaba cha ngano kinauzwa nusu rupia. Rupia ilikuwa fedha ya Afrika Mashariki wakati wa Wajerumani na mwanzoni mwa Waingereza, ikaondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1920, shilingi ikachukua nafasi. Kwa hiyo Union ilipotoka mwaka 1952, rupia ilikuwa imekwisha kutoweka sokoni kwa miaka thelathini hivi. Neno lilikuwa la kale siku lilipochapwa. Sasa nusu rupia ni nyingi au kidogo? Fungua Mathayo 20:2, habari ya vibarua wa shamba la mizabibu. Kigiriki kinataja sarafu ile ile, ila hapo watafsiri waliiacha na jina lake, dinari, na inaelezwa wazi kuwa ni ujira wa kutwa. Basi kibaba kimoja cha ngano, pungufu ya kilo, kwa kazi ya siku nzima. Hiyo ni bei ya njaa. Mfano huu uushike kama njia ya kufanyia kazi: neno likikufunga mahali pamoja, tafuta mahali pengine panapotaja kitu kile kile kwa jina jingine.

Wakubwa wa zamani

Akida wa Mathayo 8:5 na wa Matendo 10:1 ni mkuu wa askari mia wa Kirumi. Neno lenyewe linatokana na Kiarabu. Katika majeshi na utawala wa pwani akida alikuwa kiongozi wa watu, na Wajerumani walipokuja wakawafanya maakida kuwa wasimamizi wao wa kodi na kazi za lazima. Kusini mwa nchi, chuki juu yao ilikuwa miongoni mwa kuni zilizowasha Maji Maji mwaka 1905. Huku Usukuma Wajerumani walitawala zaidi kupitia kwa watemi, kwa hiyo neno akida halikuacha kovu kubwa. Lakini fikiria mzee wa Umatumbi, huko kusini, akisikia kanisani kwamba akida alikuja kwa Yesu kwa unyenyekevu akimwombea mtumishi wake apone. Kwake habari hiyo ilikuwa na uzito ambao neno "ofisa" haliubebi.

Liwali ni Pilato, Mathayo 27:2. Ni gavana, kwa Sultani liwali alikuwa mtawala wa mji au wilaya, na katika mwambao wa Kenya cheo hicho kilidumu hadi siku za uhuru. Biblia Habari Njema, iliyotoka miaka ya 1990, inamwita mkuu wa mkoa. Inaeleweka upesi, sina ugomvi nayo, ila ukiisoma mbele ya watu wa Mwanza uwe tayari kwa minong'ono kwenye mabenchi ya nyuma.

Matarishi wa Esta 3:13 ni wapeleka barua. Mtu aliyefanya kazi ofisi ya serikali zamani atakusimulia habari za tarishi wake. Shamu ni Siria, Uyunani ni Ugiriki, Uajemi ni Iran ya leo. Tuendelee.

Kwa maneno yenye asili ya Kiarabu, na ni mengi, msaada wako wa karibu ni jirani Mwislamu aliyepita madrasa. Mpe salamu yake, kisha mwulize kuhusu madhabahu na dhabihu. Atakwambia maneno yote mawili yamo katika familia ya kuchinja: dhabihu ni kinachochinjwa, madhabahu ni mahali pa kuchinjia. Baada ya hapo utalisikia kwa sikio jingine tangazo la kwamba kwaya ipande madhabahuni. Mwulize pia kuhusu ushuru na zaka, ila hapa kuwa mwangalifu. Ushuru, ule wa watoza ushuru na ule unaolipwa sokoni kila asubuhi, umetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu ya kumi. Zaka kwa jirani yako ni sehemu moja katika arobaini ya mali iliyofikia kiwango; katika Malaki 3:10 zaka ni fungu la kumi. Neno moja, hesabu mbili, na mnaweza kubishana hadi magharibi kila mmoja akiwa sahihi kwenye kitabu chake. Huenda akawa na tafsiri ya Kurani ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy ya mwaka 1969. Mwombe akuonyeshe, utaona maneno mengi ya Biblia yako yanaishi humo yakiwa na afya kabisa.

Maneno rahisi ndiyo yanayodanganya

Mpaka sasa nimesema hasa juu ya maneno magumu, na maneno magumu hayana hila. Ukikutana na bildi unajua hujui, utauliza. Hatari ni neno unalolijua tangu utotoni, ambalo tangu mwaka 1952 limehama likaacha mlango wazi, nawe unaingia ukidhani mwenyewe yumo.

Sura nzuri ya kujifunzia ni Mathayo 8. Kaa nayo jioni moja.

Anza na "hata". Leo hata ni neno la kutia mkazo: hata mimi, hata senti. Katika sura hii utaikuta mwanzoni mwa mistari, ikifungua habari mpya. Hapo maana yake ni "basi", au "ikawa". Mahali pengine, kama katika mstari wa 24 ambapo mawimbi yanafunika chombo, hata ni "mpaka". Katika mstari wa 27 ndipo inapofanana na hata ya leo. Sura moja, kazi tatu. Ukiisoma ile ya kwanza kwa sauti ya mkazo, sentensi nzima inapinda na msikilizaji anangoja jambo la ajabu ambalo haliji.

Kisha "pepo". Mstari wa 16 unataja watu wenye pepo, na Yesu anawatoa. Mstari wa 26, katikati ya dhoruba, anakemea pepo na bahari. Msomaji wa siku hizi, hasa aliyezoea mikesha ya maombezi, anasikia mashetani mahali pote pawili, na nimewahi kusikia mahubiri marefu yaliyojengwa juu ya mashetani wa ziwani kutokana na mstari huo. Lakini sarufi inakataa. Mstari wa 16 unasema akawatoa. Mstari wa 26 unasema akazikemea. Pepo wale wa kwanza wanachukua wa-, ni viumbe. Hizi za pili zinachukua zi-, ni wingi wa upepo, kama ukuta na kuta. Hakuna haja ya Kigiriki. Herufi mbili za Kiswahili zinatosha. Jizoeze kutazama kiambishi kila unapokutana na jina lenye maana mbili. Watafsiri wale walikuwa makini sana na upatanisho wa sarufi kuliko wengi wetu tunaoandika leo.

Halafu "ng'ambo". Mstari wa 18 Yesu anaamuru wavuke kwenda ng'ambo. Kwa kijana wa mjini ng'ambo ni Ulaya au Marekani, kwa mjomba anayetuma dola. Kwa mtu wa Nyegezi isiwe tabu: ng'ambo ni upande wa pili wa maji, ni Sengerema unayoitazama kutoka ufukweni, ni pale abiria walipokuwa wakivushwa na kivuko cha Kigongo na Busisi kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 2025. Ni maana hiyo hiyo ya Galilaya.

Nje ya sura hiyo, lililo hatari zaidi kwa Tanzania ya leo ni "ufisadi". Waefeso 5:18 unahusisha ulevi wa mvinyo na ufisadi, na Wagalatia 5:19 unauweka pamoja na uasherati na uchafu. Sisi magazeti yametufundisha kwamba ufisadi ni wizi wa mali ya umma. Asili ya neno ni uharibifu, kuoza kwa kitu kilichokuwa kizima, na kwa watafsiri ulikuwa uharibifu wa maisha ya anasa zisizo na kizuizi. Anayehubiri Wagalatia 5 akashukia mikataba ya serikali anaweza kuwa anasema kweli, ila hasemi kilichoandikwa pale.

Maumbo ya maneno nayo yana ukale wake, ingawa hayapotoshi sana. Nduguye ni ndugu yake, babaye ni baba yake. Aketiye ni anayeketi. Asema ni anasema. Yu hai ni yupo hai. Mkono wa kuume ni wa kulia: watu wa zamani walitaja mkono wa nguvu wakauhusisha na uume, sisi tunataja ule wa kulia chakula. Mara, katika Injili ya Marko, ni "papo hapo". Nena ni sema, twaa ni chukua, enenda ni nenda au ishi. Ukiyapitia haya mara moja utayazoea.

Kamusi, simu, na mimbari

Kamusi zinasaidia ukijua kuzitumia. Usitafute neno kama lilivyo; livue kwanza viambishi. Akazikemea utaikuta kwenye kemea. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 na zilizofuata zina mengi ya maneno niliyoyataja, na Kamusi Kuu ya BAKITA ya mwaka 2015 pia. Ukibahatika kupata ile ya zamani ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 katika maktaba ya chuo, shika hiyo kwa maneno ya chombo na uvuvi, kwa sababu iliandikwa maneno hayo yakiwa bado kazini. Kwenye simu, fungua Union na Habari Njema sambamba. Habari Njema itakupa maana ya jumla, Union itakupa kitu chenyewe. Mzee wa kanisa mwenye Biblia ya Kisukuma, iliyochapwa nzima mwaka 1960, naye ni kamusi inayotembea. Mwombe akusomee mstari uleule kisha akueleze kwa Kiswahili chake.

Wakatoliki, masomo yenu ya Misa yana tafsiri na majina yake, Yohane badala ya Yohana na kadhalika, lakini liwali na pishi huwafikia kwenye nyimbo na vitabu vya zamani vya sala, na dawa ni ile ile.

Ukifika mbele ya watu, usibadilishe neno ukiwa unasoma. Wapo wanaofanya hivyo kwa nia njema, na matokeo yake ni kwamba bibi aliyeketi mbele, anayeijua sura kwa moyo, anaacha kusikiliza Neno anaanza kukufuatilia wewe. Kama kanisa lako linaruhusu utangulizi, toa sentensi moja kabla: "Tutasikia pepo mara mbili; mara ya pili ni upepo." Inatosha. Usieleze asili ya Kiarabu mimbarini.

Neno kwa wanafunzi wa Malimbe

Wengi wenu mko Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, kilichochipuka kutoka chuo cha mafunzo ya jamii kilichoanzishwa hapa Nyegezi mwaka 1960 na kuwa chuo kikuu mwaka 1998, na mnahudhuria ibada za Kiingereza zenye Biblia ya King James ya mwaka 1611. Kitabu kile kimeitangulia Union kwa miaka zaidi ya mia tatu, na maneno yake rahisi yanadanganya vibaya zaidi.

"Prevent" ya 1 Wathesalonike 4:15 haina uhusiano na kuzuia. Imetoka Kilatini, kuja mbele, na mwaka 1611 ilikuwa kutangulia. Union imeandika kutangulia, sahihi kabisa. "Let" ya 2 Wathesalonike 2:7 ni kinyume cha kuruhusu: ni neno jingine la kale la Kiingereza lenye maana ya kuzuia, ambalo baadaye liliandikwa sawasawa na lile la kuruhusu, kisha likafa. "Quick" ya Matendo 10:42 ni walio hai, wala si wenye haraka. "Conversation" ya Wafilipi 1:27 ni mwenendo, "charity" ya 1 Wakorintho 13 ni upendo. Kila mara Biblia yenu ya Kiswahili inayo maana hiyo wazi, basi ifanyeni kamusi ya Kiingereza. Ni ajabu kidogo, lakini hata Waingereza walipotoa toleo lililosahihishwa kati ya mwaka 1881 na 1885 walirekebisha mengi ya haya.

Lililobaki ni "corn". Kwa Kiingereza cha zamani ni punje, nafaka yoyote inayotawala shambani. Mahindi yametoka Amerika na yakafika kwetu baada ya Wareno, kwa hiyo hakuna hata gunzi moja katika Biblia nzima. Ukimsikia mhubiri anampeleka Ruthu kwenye shamba la mahindi la Boazi, fungua Ruthu 2 ya Kiswahili. Utakuta shayiri na ngano.